Njia Tisa za Kuhubiriwa Nairobi, Kuanzia ya Mkiani

Kama unaishi Nairobi na hujawahi kuhubiriwa na mtu usiyemjua, basi wewe hutoki nyumbani. Na hata ukibaki nyumbani, subiri namba 7.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na zaidi ya asilimia 85 kati yao wakasema ni Wakristo. Waliosema hawana dini yoyote walikuwa 755,750, nchi nzima. Sasa toa wa Mombasa, toa wa Kisumu, toa na yule mpwa wako wa chuo aliyejibu hivyo ili kumkera mamake, na utaona wahubiri wa katikati ya jiji wana wavu mkubwa kwa bwawa dogo. Hata chama cha Wakenya wasioamini Mungu, kilichosajiliwa 2016, kilimpoteza katibu wake mwaka 2021: alijiuzulu kwa sababu amempata Yesu Kristo. Chama kikamshukuru kwa utumishi wake, kikamtakia heri, kikatangaza nafasi iko wazi. Adabu ya namna hiyo sijawahi kuiona kwa kanisa lililoachwa na mpiga kinanda.

Basi nimezipanga njia tisa. Kipimo changu ni kimoja na hakikutoka chuo cha theolojia: katika njia hii, anayegharamika ni nani? Msikilizaji au mhubiri?

9. Mhubiri wa matatu

Uko ndani ya 46 ya Kawangware, umepata dirisha, gari halijajaa. Anaingia bwana mwenye koti linalomzidi mabega na Biblia ya zipu. "Bwana asifiwe!" Kimya. "Nimesema, Bwana asifiwe!" Mama mmoja wa nyuma anaitika ili yaishe.

Kabla yake alipita muuza njugu, baada yake atakuja muuza dawa ya minyoo, na wote watatu wamepewa muda uleule: mpaka gari lijae. Wa minyoo angalau anakuachia dawa. Huyu ataiombea safari, ataombea matairi, breki na dereva, ambaye kwa wakati huo yuko nje anamalizia chai. Kisha linakuja neno la mwisho: yeyote aliyeguswa, hata kama ni shilingi 20. Ghafla abiria wote wanapigiwa simu.

Usiwalaumu. Mwishoni mwa 2014 runinga ilionyesha mhubiri wa jiji hili hili akiwaosha watu miguu kwa maji yaliyotiwa kemikali, maji yanageuka rangi ya damu, watu wanalia, na "mbegu" ya shilingi 310 inapandwa. Halafu 2023 ikatokea Shakahola, kule Kilifi, ambako zaidi ya miili 400 ya waumini ilifukuliwa msituni. Hapo sina utani. Mkazi wa Nairobi anayeshika mfuko wake akisikia "Bwana asifiwe" ana sababu.

8. Spika mbili na jenereta

Mtaa wa Tom Mboya, karibu na Archives, saa kumi na moja jioni. Spika ya kwanza inamhubiri Kristo, ya pili inauza soksi, ya tatu ni makanga ambaye hahitaji spika. Zinaingiliana hivi: okoka leo, jozi tatu mia, kesho huenda ukawa umechelewa, jozi tatu mia, wa Kikuyu watatu waende. Mwenye dhambi anaondoka na soksi.

Kanuni za kelele zipo tangu 2009. Nadhani nakala ya mhubiri ilifunikwa na ile jenereta.

7. Ujumbe wa shangazi

"Watumie watu 12 kabla ya saa sita usiku, muujiza unakuja." Shangazi, umefika. Sijatuma. Bado niko mzima, ila nimechoka kwa sababu uliniamsha.

6. Mlango kwa mlango

Njia hii ilikuwa nzuri wakati milango ilikuwa inatazama barabara. Jaribu leo Kilimani au Kileleshwa. Kwanza kuna lango la chuma, halafu kuna soja, halafu kuna kitabu cha wageni chenye kalamu iliyofungwa kwa kamba.

"Unaenda kumwona nani?"

"Mtu yeyote ambaye hajaokoka."

"Nyumba namba ngapi?"

Mazungumzo yanaishia hapo, na mhubiri, asije akarudi mikono mitupu, anamhubiri soja. Ndiyo maana nasema kwa uhakika kwamba hakuna kiumbe aliyehubiriwa katika jiji hili kama soja wa lango. Ameokoka mara nne, mara moja kwa kila kanisa lililopita, na zamu bado haijaisha.

Mashahidi wa Yehova waliisoma hali mapema. Siku hizi utawakuta mjini wamesimama kando ya kirukwama chenye magazeti, nguo zimepigwa pasi, wanatabasamu, kimya. Mafundisho yao tuyaache kando leo. Lakini mtu anayenyamaza katikati ya Nairobi, akisubiri wewe ndiye umuulize, anashtua kuliko tarumbeta.

5. Jeevanjee, saa saba mchana

Hapa nakaa kidogo, maana hapa kuna burudani.

Bustani hii ilitolewa kwa watu wa Nairobi mwaka 1906 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, na aliweka humo sanamu ya Malkia Victoria. Malkia akasimama pale zaidi ya miaka mia moja, mpaka wasiojulikana walipomwangusha 2015. Nafikiri hakuna mtu Nairobi aliyesikia mahubiri mengi kumshinda, na hakubadilisha msimamo hata mara moja.

Saa ya chakula cha mchana inapofika, nyasi zinajaa makarani, watafuta kazi, na wale wanaokula ea-baga, yaani hewa tupu. Wana saa nzima na hawana pa kuipeleka. Mhubiri anachora duara kwa miguu yake na kuanza. Anapiga magoti, anaruka, anaigiza Zakayo juu ya mti, anaigiza na mti. Anayemtafsiria naye anaruka vilevile, kwa kuchelewa kidogo.

Kwa nini basi nimeipandisha juu ya mlango kwa mlango? Kwa sababu msikilizaji ana miguu. Akichoka, hatua ishirini pembeni kuna Bunge la Mwananchi, ambalo limekuwa likijadili siasa katika bustani hii tangu miaka ya 1990 bila mshahara wala marupurupu. Tena msikilizaji ana mdomo. Msikiti wa Jamia uko umbali wa matembezi mafupi, na mwenye kofia aliyetoka kuswali adhuhuri anaweza kusimama akauliza swali moja la kistaarabu kuhusu Utatu. Hapo ndipo utajua aliyesoma na aliyekariri. Nimeona mhubiri mwenye sauti ya radi akigeuka kuwa mtu wa kutafuta miwani. Ndani ya matatu mhubiri haulizwi; Jeevanjee anaulizwa, na akikosa jibu kuna watu hamsini wa kumcheka. Hiyo nayo ni gharama.

4. "Twende kahawa tu"

Hii ni ya Lavington na makanisa ya vijana kando ya Ngong Road. Mchungaji ana jinzi iliyochanika magotini, kwa bei. Anakualika kahawa. "Kahawa tu," anasema, na lile "tu" ndilo la kuogopa.

Wenyewe hudhani ni mbinu mpya. Ndugu zangu, mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Mtakatifu Austin upande huo huo mwaka 1899, wakapanda kahawa. Lavington imekuwa ikichanganya kahawa na injili kabla Nairobi haijapata umeme wa kutosha kuchemsha maji.

Kahawa ya kwanza mtazungumzia mpira. Ya pili, wazazi wako. Ya tatu kinatoka mfukoni kile kijitabu cha Sheria Nne za Kiroho, cha Mmarekani Bill Bright, ambacho kimepita mikononi mwa wanafunzi wa vyuo wengi sana, na kidole kinaanza kutembea kwenye mchoro. Sina ugomvi nacho. Mtu aliyekusikiliza vikombe viwili ana haki ya kusema kikombe cha tatu.

Sharti ni moja: aliyealika ndiye anayelipa. Mchungaji wa kahawa anayeangalia dari bili ikija, ashushwe mpaka namba 9, akae na wa Biblia ya zipu.

3. Kisu cha daktari na chaki ya mwalimu

Panda 105 uende Kikuyu, ushuke Thogoto. Wamisheni wa Kiskoti waliotoka Kibwezi mwaka 1898 ndio waliofika pande hizi wakaweka kituo. Mwaka 1908 ikaanza hospitali. Unaweza kubishana na mhubiri kutwa nzima. Ila na aliyekutibu jicho ukaona tena, ubishi wenu huwa wa upole zaidi.

Lakini Thogoto ina kisa kingine ambacho wapenda injili hawakisimulii vya kutosha. Juni 1913 wamisheni wa Kianglikana, wa Kipresbiteri, wa Kimethodisti na wa Africa Inland Mission walikutana hapo kuulizana swali la maana: Mwafrika aliyebatizwa na kanisa hili akihamia eneo la kanisa lile, je, aanze upya? Wakazungumza vizuri, wakakaribia kukubaliana shirikisho, na mwishoni wakashiriki meza ya Bwana pamoja ndani ya kanisa la Kipresbiteri, Askofu Peel wa Mombasa akiongoza.

Habari zikafika Zanzibar. Askofu Frank Weston akashika kalamu, akawashtaki Peel wa Mombasa na Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, shtaka lenyewe ni uzushi. Magazeti ya London yakapata kazi. Kwa muda, neno Kikuyu huko Uingereza likawa jina la ugomvi wa maaskofu, huku wenyeji wa Kikuyu, waliokuwa wamekuja kusikia habari njema, wakipata kwanza habari za kesi.

Wamisheni hawakufa moyo. Mwaka 1918 misheni za Kiprotestanti ziliunda muungano wao, na 1926 muungano huo ukafungua shule hapo Kikuyu, ndiyo Alliance High School. Jina lake limetoka kwenye muungano huo. Kwa hiyo ukimsikia mtu aliyesoma Alliance akijisifu, na utamsikia, mkumbushe kwamba shule yake ilizaliwa na watu waliojifunza kukaa meza moja.

2. Chai ya jumuiya, Kangemi

Papa Yohane Paulo II aliongoza misa Uhuru Park mwaka 1985, kwenye Kongamano la Ekaristi, na umati wake bado unasimuliwa. Papa Fransisko naye akaja 2015, na tarehe 27 Novemba akaingia Kangemi, kwenye kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi linalotunzwa na Wajesuiti. Ungetarajia azungumzie malaika. Akazungumzia maji, vyoo, na wanyakuzi wa ardhi wanaomeza hadi viwanja vya watoto vya shule. Baadhi ya watu wenye viti vya mbele waliangalia viatu vyao.

Hata hivyo Papa aliondoka na msafara wake. Waliobaki Kangemi ni watu wa jumuiya ndogondogo, mpango ambao maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliusukuma tangu miaka ya 1970. Watu wachache, nyumba kwa nyumba, kila wiki. Hawana jukwaa wala kinanda. Wanajua nani ameachishwa kazi, nani anauguza mgonjwa, nani amefungiwa nyumba kwa kodi. Na jumuiya ikikutana kwako, chai ni juu yako, maziwa ni juu yako, na mkate utakatwa kwa hesabu kali kwa sababu mama fulani huja na wajukuu. Jirani asiyesali chochote anaona haya yote kupitia ukuta wa mabati. Watu wa jumuiya hawahitaji kuruka kama Zakayo ili waonekane.

1. Kurudisha ulichoiba

Uamsho wa Afrika Mashariki hupewa mwanzo wake Rwanda na Uganda, na husimuliwa kuanzia 1929, siku daktari Mwingereza Joe Church alipokutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, kwenye kilima cha Namirembe. Mwaka 1937 ukafika Kabete, magharibi ya Nairobi hii hii. Mbinu yao ilikuwa ya ajabu: mhubiri alianza na dhambi zake mwenyewe, kwa majina, mbele ya watu. Halafu akatoka kwenda kulipa. Jembe likarudishwa kwa mwenyewe. Mfanyakazi akampelekea bwana wake kitu ambacho bwana hata hakujua kimepotea. Kodi iliyokwepwa ikalipwa.

Walikuwa na kasoro zao. Ndugu wa Uamsho walikaguana mpaka wengine wakachoka, na ungamo refu kupita kiasi linaweza kumkimbiza hata malaika. Lakini vita vya Mau Mau vilipofika, wengi wao walikataa kula kiapo na wakakataa vilevile kushika bunduki za serikali, na wapo waliouawa kwa ajili hiyo. Hapo hata mimi nafunga mdomo.

Sasa ilete njia hii Nairobi ya leo. "Mama Wambo, ile mita ya stima niliichezea miezi sita, pesa hizi hapa." "Bosi, safari ile ya Naivasha haikuwepo, ila risiti zilikuwepo." Trafiki anasimamisha matatu, anamrudishia dereva noti. Wallahi, abiria wote watashuka kuuliza ni kanisa gani.

Kwa hiyo, mpendwa unayejiandaa kutoka kuhubiri Jumamosi hii: usikodi spika bado. Lipa kwanza deni la dukani. Jirani atakuuliza kulikoni, na hapo ndipo umwambie.