Sifa za Breki ya Nyuma Inayolia

Injini husifiwa kwa nguvu, redio kwa mdundo, hata kiyoyozi kina mashabiki wake. Breki ya nyuma haina mpiga debe. Basi leo naibeba mimi, tena ile inayolia na kunata, ile inayofanya kituo kizima kigeuze shingo unapowasili. Wapo wanaolipa matarumbeta ili wapate mapokezi kama hayo.

Nasaba yake si ya kubeza. Mwaka 1902 Mfaransa Louis Renault aliunda breki ya dramu, na mwaka huohuo Mwingereza Frederick Lanchester akapata hataza ya breki ya diski. Diski za Lanchester, metali ikisugua metali, zilipiga mayowe ya kutosha. Kwa hiyo usiulaumu mtumba wako. Kelele hizo ni za ukoo.

Na haisemi ovyo. Filimbi nyembamba inayokoma ukikanyaga pedali ni kibati kidogo kinachotangaza kuwa pedi zimekwisha. Mkwaruzo mzito ni chuma kinachotafuna dramu, na hapo umeshachelewa. Kilio cha asubuhi kinachopotea baada ya kukanyaga mara chache ni kutu ya usiku tu, jambo la kawaida Tanga na Mombasa. Injini inaweza kukuficha maradhi yake hadi ikulaze njiani. Breki hii haina siri, hata mbele ya wakwe.

Ikinata, ukarimu wake huzidi. Inakupashia rimu moto bila kuombwa, inakuchomea petroli (mwenye sheli huiombea maisha marefu), na inakufundisha subira ya uchunguzi. Weka kigingi tairi za mbele, inua nyuma kwa jeki, lisimamishe gari juu ya stendi, shusha hendibreki, kisha zungusha tairi kwa mkono. Likigoma, legeza nati ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na tairi likaachia, mshukiwa wa kwanza ni paipu ya mpira: imevimba kwa ndani, inaruhusu mafuta kwenda na kuyazuia kurudi. Nawajua watu wanaokopa pesa kwa utaratibu huohuo. Tairi likiendelea kugoma, acha mafuta, tazama vyuma: kebo ya hendibreki iliyoshikwa kutu ndani ya ala yake, springi za kurudishia shuu zilizochoka, au pistoni iliyoganda.

Msema kweli huyu ana maadui. Yuko fundi atakayepiga shuu msasa bila kuuliza kwa nini zililia, akakukabidhi gari kimya na bili ndefu. Mwingine, Mungu amsamehe, hupaka grisi palepale shuu inapogusa dramu. Kelele hufa kweli, na breki nayo. Wa tatu hukushauri ubadilishe shuu za upande unaolia tu, ili gari livute kushoto au kulia litakavyo. Huyo mwachie spana zake, uondoke na gari lako likilia.