Msiniagize Kreme

Ba yaya, ba mama wadogo na ba shangazi wa Ibanda, Kadutu na Bagira, huko Bukavu, nawaandikia kutoka Brussels. Najua mna makubwa kuliko ngozi, lakini orodha ya maagizo imefika, na kwa kuwa kreme zilizomo ni nyingi kuliko majina ya waagizaji, afadhali tuelewane kabla valizi haijafungwa. Hoja yangu ni moja: kreme za Bulaya ni dawa ya ugonjwa wa Bulaya, na nyinyi ugonjwa huo hamna. Kinachotakiwa na ngozi zenu kinauzwa kwenye butiki ya hapo kona, na sehemu kubwa ya kazi mnaifanya kila asubuhi bila kujua kwamba huku kuna daktari anayelipwa kwa kuifundisha.

Tuanze na huo ugonjwa. Wakati wa baridi mtu wa huku analala ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha tangu Oktoba, mashine ya joto ikikausha hewa usiku kucha. Akiamka anasimama chini ya maji ya moto mpaka kioo cha bafu kinatoa jasho, anajisugua kwa sabuni yenye harufu ya embe ambalo halijawahi kuota kwenye mti wowote, na jioni anarudia. Ngozi ya juu ina mafuta yake yenyewe, na hayo ndiyo yanayozuia maji ya mwilini yasitoke. Sabuni haijui tofauti kati ya mawese yaliyobaki kwenye sahani ya sombe na mafuta ya mguu wa binadamu. Ikipewa maji ya moto inaondoa yote. Tena maji ya Brussels yana chokaa. Fungua birika lolote la umeme utakuta ganda jeupe limeshika chini, halitoki mpaka lichemshiwe siki, na sabuni ikikutana na chokaa hiyo inaacha utando mwilini unaowasha. Mwezi wa Januari muundi wa Mwafrika wa huku unaweza kuandikwa jina kwa ukucha, na jina likasomwa na abiria wa upande wa pili wa tramu. Hapo ndipo zinapoingia chupa: ya kuogea isiyo sabuni, ya mchana, ya usiku, ya mikono, ya visigino. Mtu anajivua mafuta aliyopewa bure, kisha anayanunua tena kwa euro.

Sasa tazameni nyumba ya Kadutu ambako robine inatoa upepo tu. Maji yamepanda mlima kichwani mwa mtu, ndani ya bidon ya njano ya lita 20, na hakuna anayeyachezea. Mtu anapata beseni moja, la uvuguvugu kama makala yapo. Anaosha uso, makwapa, kule kusikotajwa mbele ya wakwe, na miguu, basi, kwa sababu kuna mwingine anagonga mlango. Daktari wa ngozi wa Bulaya akimpokea mgonjwa mwenye ngozi kavu anamwandikia hayo hayo: maji ya uvuguvugu, dakika chache, sabuni kwenye sehemu zenye jasho na uchafu tu, halafu mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Hili la mwisho msilipuuze. Mafuta mazito hayaleti maji, yanazuia yaliyomo yasitoke. Ukijipaka baada ya kukauka kabisa umechelewa. Na kwa kazi hiyo ya kuzuia, vazelini ya kawaida, ile ambayo Robert Chesebrough aliandikishia hataza Marekani mwaka 1872, bado haijapata wa kuishinda. Ikiwa haina manukato, inatosha. Kuanzia Juni hadi Agosti, vumbi likitawala na visigino vikianza kupasuka, pakeni nyingi usiku na mvae soksi. Wapenzi wa mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, nao waendelee kama hayawawashi. Harufu yake ni mazungumzo kati yao na waliowaoa.

Kuna mama atasema kwamba mtoto mchanga, yeye, anastahili kreme ya kweli. Waingereza walilipima jambo hilo. Walichukua watoto wachanga 1,394 wa familia zenye mizio, wakawapanga makundi mawili, moja lipakwe kreme kila siku kwa mwaka mzima. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2020: walipofika miaka miwili, waliopakwa walikuwa na ukurutu 23 kwa kila 100, na wenzao 25, tofauti isiyo na maana. Kreme humtuliza mtoto ambaye ngozi yake imeshakauka. Kwa aliye mzima haiwi chanjo.

Mwingine atasema: huyu ameshiba chokoleti, sasa anatusifia kukosa maji. Ana haki. Kukosa maji si tiba, na kuna vitu ambavyo beseni wala vazelini havigusi. Upele unaowasha usiku, katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, unaletwa na mdudu anayejichimbia ndani ya ngozi na kuwapitia wanaolala kitanda kimoja. Huyo anataka dawa, benzoati ya benzili au ivermektini, na anataka nyumba nzima itibiwe siku moja, hata yule anayeapa kwamba yeye hajikuni, pamoja na nguo na shuka kufuliwa kwa maji ya moto. Mkimtibu mtoto mmoja na kuwaacha watano, mdudu atahama chumba tu. Pesa ya kreme iende huko.

Na jua? Hapa ndipo Bukavu inajidanganya, kwa sababu ya baridi yake. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, nyuzi chache tu kusini ya ikweta, na kila mita 1,000 za kupanda huongeza miale inayochoma kwa takriban asilimia 10. Upepo wa ziwa unawapoza, miale haipoi. Ngozi nyeusi ina kinga yake, lakini haizuii yote, na madoa ya mashavuni yanachochewa na jua hilo hilo. Mwavuli mliokwisha kuununua kwa ajili ya mvua unafanya kazi hata Julai. Walio na ualbino ni habari nyingine kabisa: kwao kofia pana, mikono mirefu na kreme ya jua ni kinga ya saratani, na ya kwao nitaibeba hata nikilipia kilo.

Kuna maagizo mengine yameandikwa kwa haya, "ile ya kung'arisha kidogo." Hiyo sibebi, kwa sababu ya vinavyotiwa ndani yake. Hidrokinoni inaizuia ngozi kutengeneza rangi yake, yaani inawavua kinga chini ya jua nililolisema sasa hivi, na ikizoeleka inaacha madoa ya bluu-nyeusi yasiyofutika. Zebaki inaharibu figo. Klobetasoli ni dawa ya daktari. Ikifanywa mafuta ya kila siku inaikondesha ngozi hadi siku ya upasuaji nyama inachanika chini ya uzi. Mtauliza mbona zinapatikana huku kwenye mtaa wa Matonge. Kupatikana si cheti: Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku hidrokinoni katika vipodozi vya kung'arisha tangu 2001, na ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda ilianza kuyafagia mafuta hayo madukani mwishoni mwa 2018. Wenyeji wa huku nao si wa kuigwa. Wanalipa kulala chini ya taa ili wawe weusi kidogo, ingawa shirika la utafiti wa saratani la WHO liliviweka vitanda hivyo mwaka 2009 katika kundi la vinavyoleta saratani bila shaka. Walioridhika na rangi yao mji mzima ni njiwa.

Inabaki hoja ya yaya aliyemwona Mwafrika wa Bulaya akivuka Ruzizi mwezi wa saba, uso unang'aa. Ni kweli unang'aa. Kwa miezi mingi ya mwaka unakaa bila vumbi na bila jua la maana, kwani Brussels iko nyuzi 51 kaskazini, na Desemba jua lake ni dhaifu hata ngozi haiwezi kutengeneza vitamini D. Madaktari wanawaandikia watu matone, na wenye ngozi nyeusi ndio wa kwanza kuyahitaji. Mwacheni mgeni huyo apande kwa miguu kutoka Nyawera hadi Kadutu, saa sita mchana, wiki tatu, bila mwavuli, halafu mlinganishe tena. Mkikuta mashavu bado meupe huku vifundo vya vidole ni vyeusi, msimuulize kreme anainunua wapi.