Bibi Harusi Kapandishwa Nusu Toni

Tangu Jumamosi shangazi wa bibi harusi anapita mbele ya duka langu bila salamu. Simlaumu. Alikuwa anaongoza msafara wa kuingia ukumbini, anatembea kwa madaha, mguu huu, tulia, mguu ule, tulia, mshereheshaji alipoona mwangwi haumtoshi akapeleka mkono kwenye mashine yangu ya mwangwi.

Mashine yenyewe ni Roland RE-201, toleo la Japani la mwaka 1974. Ndani mna mkanda wa sumaku ulioungwa ncha kwa ncha, haukuviringishwa popote, umejirundika kama tambi, na mota inauvuta mbele ya vichwa: kimoja kinafuta, kimoja kinarekodi, vitatu vinasoma. Kilichosomwa kikirudishwa kurekodiwa, kinajirudia. Weka kitufe cha marudio pale ukingoni, kabla mashine haijaanza kuvuma yenyewe, na kipande cha gitaa kisichofika nusu sekunde kitazunguka huku wewe umekunja mikono. Sasa utamu! Sauti imeshalala kwenye mkanda. Ongeza kasi ya mota, inasomwa upesi kuliko ilivyorekodiwa, basi inapanda. Kasi ikizidi asilimia 6 hivi, nusu toni. Ikifika mara mbili, oktava nzima. Na kwa kuwa iliyopanda ndiyo inayorekodiwa tena, inakaa hukohuko juu mpaka mota ipunguzwe. Tena hairuki, inateleza, maana mota haibadili mwendo ghafla. Mtelezo ule naweza kuusikiliza hadi alfajiri.

Bwana yule alishika kitufe cha kasi. Gitaa lililokuwa linazunguka mkandani likapanda, shangazi akakaza mwendo, wapambe wakakaza, watoto walioshika shela wakaanza kukimbia. Mshereheshaji akashtuka, akakizungusha mpaka mwisho wa upande wa pili. Gitaa likazama kuwa mngurumo, na shangazi akabaki na mguu mmoja hewani, anangoja mpigo usio na haraka ya kufika.

Wakati wa keki ukakatika mkanda. Wakati wa zawadi ukakatika umeme.

Kamati ya harusi ikatukata sisi wapiga muziki nusu ya malipo. Lee Perry, mtayarishaji wa reggae wa Jamaika, alikuwa na mashine ya aina hii studioni kwake Black Ark, Kingston, akizipinda sauti makusudi, na dunia ikamwita bingwa. Sisi tuliopindiwa na mtu mwingine tunaitwa wababaishaji, na hakuna mjumbe aliyeuliza mkono ulikuwa wa nani. Mwenye mkono alilipwa yote, akafungashiwa na pilau. Jana kanipigia simu: ana sendofu mwezi ujao, nisisahau kuja na ile mashine.