Maiki Inayosikia Kuku wa Jirani

Mpwa wangu hajamaliza kuandika wimbo hata mmoja, ila nembo ya studio anayo. Tisheti pia keshachapisha. Kilichobaki ni vifaa, na kwa kuwa chumba cha uani ni changu, mama yake kaamua kwamba na mfuko wa kununulia uwe wangu.

Orodha aliyoniletea ilianza na maiki ya kondensa, ikapita kwenye saundi kadi, spika za monita, kinanda cha midi, ikaishia kwenye taa za zambarau. Nikauliza taa zinarekodi nini.

“Zinaleta vaibu, Mjomba.”

Tukashuka Kariakoo. Muuzaji wa kwanza akaapa kwamba bila kondensa hatutoboi. Wa pili akaibeza saundi kadi ya matundu mawili, tuchukue ya manane. Manane ya nini, na anayeimba ni mtoto mmoja mwenye mdomo mmoja? “Siku ikija bendi je, mzee?” Bendi! Chumba chenyewe ukiingiza kitanda, mlango haufunguki.

Hiyo kondensa naomba niisemee kidogo, maana imewapumbaza vijana wengi. Ni maiki nyepesi ya kusikia, inalishwa umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi, na ndani ya chumba kilichotulia inanasa hata pumzi ya mwimbaji. Sasa nani Temeke ana chumba kilichotulia? Itanasa pumzi, ndiyo, pamoja na kuku wa jirani, bodaboda isiyo na ekzosi, mashine ya kusaga na yule mama wa nyumba ya tatu anayemkumbusha mumewe kodi. Mvua ikigonga bati, albamu nzima ni mvua. Ukizima feni ili kupunguza kelele, msanii anazimia kabla ya kiitikio.

Sisi tunahitaji maiki nzito ya masikio. Ipo, inaitwa dainamiki. Usipoisogelea karibu ya kuibusu haikujali, na ya jirani haiyafuatilii sana. Shure SM58 ni ya aina hiyo, iko sokoni tangu 1966, na mpaka leo inadondoshwa majukwaani na kuokotwa ikiwa nzima. Nikamwambia dogo kwamba hata kwenye Thriller, ile albamu ya 1982, fundi Bruce Swedien alimrekodi Michael Jackson kwa Shure SM7, ambayo nayo ni dainamiki.

“Lakini Mjomba, wale walikuwa na studio ya mamilioni.”

Ndicho ninachosema! Waliokuwa na uwezo wa kununua maiki yoyote duniani walichukua hiyo, wewe wa chumba cha uani unaikataa?

Halafu kuna trei za mayai. Muuza chipsi wa mtaani anamwekea dogo tangu mwezi uliopita, naye kazibandika mpaka ukutani hakuna pa kupigilia kalenda. Zile ni karatasi tu. Zinapunguza mwangwi mwembamba kidogo, kuku hazimzuii, na moto zinaukaribisha kwa mikono miwili. Blanketi zito na godoro lililosimamishwa kando vingesaidia zaidi, ila mama yake, aliyeutoa mfuko wangu bila kusita, blanketi lake kakataa kulitoa.

Spika za monita nimezifuta kabisa kwa sasa. Kwenye chumba kidogo cha kuta za saruji besi inarundikana kwenye kona, inakudanganya, unaipunguza, ukicheza wimbo kwingine besi haipo. Achukue hedifoni nzuri, kisha kazi akaijaribie kwenye spika ya daladala. Wazungu walifanya hivyohivyo na Yamaha NS-10 za 1978, zile zenye koni nyeupe. Zilitengenezwa kwa ajili ya nyumbani, mafundi wakaziweka studio kwa hoja kwamba wimbo ukisikika vizuri humo, utasikika vizuri popote. Daladala zetu zingewafaa, na nauli ni ndogo.

Tukafikia mwafaka: dainamiki, kadi ya matundu mawili, hedifoni. Nikalipa. Muuzaji akahesabu noti, akatabasamu, akauliza kama waya wa maiki tunao nyumbani. Stendi je? Vyote kando, mzee.

Kinanda kitasubiri. Taa nilizikataa palepale dukani, na nasikia jana ombi limepelekwa kwa shangazi yake, upande wa baba, ambako watu hawaulizi maswali.