Mlango Una Mwenyewe

Ukipanda Hiace kutoka Bariadi kwenda Lamadi, usiguse mlango. "Huo una mwenyewe," konda atakuambia, wala hadanganyi: unasukumwa kidogo kwa goti, unavutwa nyuma, unapigwa kofi, ndipo unakubali. Ukishafungwa unakazwa kwa ukanda wa tyubu kuukuu. Huo ukanda ndio kitasa.

Ugonjwa wenyewe ni mdogo. Mlango wa kuvuta hutembea kwa vigurudumu ndani ya reli. Vumbi likiganda humo, vigurudumu husagika na mlango hulala upande. Kinga yake ni brashi, kitambaa na grisi kidogo. Lakini grisi haipigi muziki, kwa hiyo fedha huishia kwenye spika.

Lamadi ni jirani na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, na mara mojamoja hupita mtalii na gari lake lililo nyumba: kitanda, jiko, na ngazi ya kukunja. Siku moja nilimwona mmoja amepiga magoti, anafuta vumbi kwenye maungio ya ngazi, anakaza skrubu, anapaka mafuta. Konda wetu alicheka mpaka machozi: mtu mzima anaogesha ngazi!

Ngazi ya Hiace yetu ililiwa na kutu zamani. Juzi bibi mmoja mwenye kuku alisimama akilitazama pengo.

"Bibi, ruka tu."

"Mjukuu wangu, mimi nimelipa nauli ya kupanda, si ya kuruka."

Abiria wawili walimwinua. Kuku aliingilia dirishani.