Kondo la Mbele

Shangazi yangu wa Tanga ni mkunga mstaafu. Amezalisha watu kwa zaidi ya miaka 30, na hakuna neno la leba linalompita. Kwa hiyo siku nilipompigia kumpa habari njema, kwamba baada ya miaka 11 ya kuhama na magodoro hapa Chicago hatimaye nimenunua kondo, simu ilikuwa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Umenunua nini, baba?"

"Kondo, shangazi."

"La nani?"

Nilitumia vocha nzima kumweleza kwamba hili si kondo la nyuma. Ni jina ambalo Wamarekani wanaipa nyumba iliyo ndani ya ghorofa: vyumba ni vyako, ila ngazi, lifti, paa na kuta za nje ni za wote. Akaelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi siku ya kutia saini. "Kumbe ni kama nyumba ya urithi," akasema. "Hapo maneno hayaishi." Kisha akanikumbusha kwamba wazee wa zamani neno kondo walilitumia pia kwa maana ya vita. Nikacheka sana. Ilikuwa kabla sijaletewa bili ya kwanza.

Kilichoniponza ni matofali. Kusini kidogo ya katikati ya jiji kuna mtaa unaitwa Printers Row, mahali palipokuwa na mitambo ya uchapaji tangu miaka ya 1880, jirani na stesheni ya reli ya Dearborn iliyofunguliwa mwaka 1885. Majengo yake ni marefu na membamba, na madirisha yake makubwa kama ya msikiti, maana wachapaji walihitaji mwanga wa jua. Baadaye wachapaji wakahama, treni zikaacha kuja, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 watu wakaanza kuyageuza makazi. Kusema kweli hawakuyageuza sana. Matofali yako wazi, nguzo za mbao zina matundu ya misumari ya karne iliyopita, na mabomba yanapita juu ya kichwa chako huku yakikohoa. Hiyo ndiyo lofti. Kwa Kiswahili cha Kariakoo ni godauni.

Nilimtumia shangazi picha. Akanijibu kwa sauti: "Hongera, baba. Sasa lipu mnapiga lini?" Binamu yangu ambaye ni fundi mwashi akaomba vipimo vya ukuta, akanipigia bure hesabu ya mifuko ya saruji. Nikawaeleza kwamba hapa ukipiga lipu bei ya nyumba inashuka. Hawakuniamini. Mpaka leo ukoo mzima unajua kwamba niliishiwa pesa ujenzi ukiwa katikati, na wanaogopa kunitajia nisije nikaona haya.

Sasa tuje kwenye gari.

Tangazo la dalali lilisema maegesho yapo. Nililisoma mara tatu. Laiti lingeandikwa kwa Kiswahili ningeshtuka mapema, kwa sababu lugha yetu ina ukali wa afisa wa forodha katika mambo haya. Maegesho yapo: hapo jirani, ukitaka utaonyeshwa. Maegesho yamo: yamo ndani ya bei, lala usingizi. Maegesho yako: yako huko, na yatakuwa yako siku utakapoyalipia. Dalali alisema "yapo", mimi nikasikia "yamo", na tulipofika kwenye meza ya makaratasi ikadhihirika kwamba "yako".

Bei: dola 30,000. Si ya gari. Ni ya nafasi ya kuliweka gari, mstatili wa sakafu ya zege, futi 8 kwa 18, wenye namba 47 iliyoandikwa kwa rangi ya njano. Hauna ukuta wala kivuli chake wenyewe. Ukizibadilisha dola hizo unapata kama milioni 75 za Tanzania, na nilikosea kumtajia shangazi. Aliuliza kama kwa hela hiyo gari linapikiwa.

Gari lenyewe ni Corolla ya mwaka 2009. Siku niliyoipeleka kuthaminiwa niliambiwa dola 4,000, na yule kijana alisema hivyo kwa huruma. Kwa maneno mengine, nina gari la elfu nne linalolala juu ya sakafu ya elfu thelathini. Mke wangu, ambaye kwa kawaida si mtu wa kusema sana, alitazama hesabu ile akashauri tulaze gari sebuleni, tukalale sisi namba 47.

Wala usifikiri ukishanunua umemaliza. Nafasi ile ina hati yake, mbali na hati ya nyumba. Kaunti ya Cook imeipa namba yake ya kodi yenye tarakimu 14, kama kiwanja chochote, na kodi inakuja kwa bahasha yake, kwa awamu mbili, tena ya mwaka uliopita. Kwa hiyo mwaka wangu wa kwanza nilikuwa natozwa kwa ajili ya kipindi ambacho mahali pale palikuwa panalala gari la mtu mwingine, pengine zuri zaidi. Dalali alinifafanulia kwamba muuzaji alishanipunguzia kiasi hicho siku ya mauzo. Nikamwomba anionyeshe ni wapi, akanionyesha, na ni kweli kilikuwepo. Hicho kitu kiliniudhi zaidi. Nilitaka kuonewa waziwazi.

Utaniuliza kwa nini nisiegeshe barabarani kama binadamu wengine. Ngoja. Mwaka 2008 jiji hili, meya akiwa Richard M. Daley, lilizikodisha mita zake za maegesho kwa kampuni binafsi kwa miaka 75. Ndiyo, 75. Madiwani walipewa siku chache tu kuyatazama makaratasi, wakapitisha, jiji likapokea kama dola bilioni 1.15, na nyingi zikatumika ndani ya miaka michache. Mwaka uliofuata mkaguzi wa jiji lenyewe akaandika kwamba walikuwa wamepunjwa karibu bilioni nzima. Saa moja ya kuegesha katikati ya jiji, iliyokuwa dola 3 kabla ya mkataba huo, ilifika dola 6.50 mwaka 2013. Kila ninapoingiza kadi kwenye kile kisanduku namfikiria mjukuu wangu, ambaye mama yake bado yuko darasa la sita, kwamba naye atakuja kuulipa mkataba huu akiwa na mvi.

Na kuna msimu wa baridi. Kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka tarehe 1 Aprili, kwenye barabara kubwa zilizotajwa, hairuhusiwi kuegesha kati ya saa tisa usiku na saa moja asubuhi, theluji iwepo isiwepo. Brekidauni haliulizi. Kuvutwa dola 150, faini dola 60, na kila siku gari linapolala yadi ni dola 25, ambazo nikizipiga kwa mwezi naona gari langu linaishi kwenye nyumba ya wageni ya daraja la kati. Nilivutwa mara moja, mwaka wa pili wa kukaa hapa. Nilitoka asubuhi na koleo langu, nikakuta barabara imefagiwa safi, haina theluji, haina gari.

Kwenye mitaa ya mbali na katikati ya jiji wenyeji wana sheria yao. Ukitumia saa mbili kuchimbua gari lako ndani ya theluji, nafasi uliyoifukua ni yako. Ukiondoka unaweka kiti kibovu, meza ya kupigia pasi, sanamu ya bustani, chochote. Hakuna karatasi ya serikali inayoutambua utaratibu huo, na wazee wanaufungamanisha na dhoruba ya Januari 1967 iliyomwaga theluji inchi 23. Wenzangu kazini walipoanza kunieleza kwa aibu kama watu wanaofichua mila ya kishenzi, nikawaambia mimi nimekulia kwenye foleni ya bomba. Kwetu ndoo inasimama badala ya mtu. Mwenye ndoo kaenda sokoni, kaenda msibani, kaenda kujifungua, akirudi anaikuta palepale kwenye zamu yake, na atakayeisogeza atasemwa mtaa mzima. Kuna hata waliokuwa wanaweka jiwe badala ya ndoo, na jiwe lile likaheshimiwa.

Basi nikanunua namba 47. Nililipa ili nisiwe mtu wa kiti kibovu.

Halafu kuna michango. Sisi michango tunaijua. Kadi ya harusi inaletwa, kamati inakaa, na mhazini anakupigia saa nne usiku kukukumbusha ahadi yako. Lakini harusi ina siku yake, na siku hiyo walau unakula pilau. Hapa kamati ipo, mwenyekiti yupo, mhazini yupo, hela inakatwa benki kila tarehe mosi, na bibi harusi sijamwona mpaka leo. Natoa dola 640 kwa ajili ya nyumba na 85 nyingine kwa ajili ya namba 47, ambayo nayo ni mwanachama, ina taa za kuwashiwa na geti la kufunguliwa.

Kuna jimu. Ina mashine nne za kukimbilia, zote zimeelekezwa ukutani. Nilikwenda mara moja, nikamkuta mwenyekiti wa kamati anahema, nikarudi zangu. Kuna majiko mawili ya nyama choma juu ya paa, na kuyatumia lazima ujiandikishe wiki moja kabla na uweke amana ya dola 200, kana kwamba mtu anaweza kuiba moshi. Kuna chumba cha vizimba vya waya vya kuwekea mizigo, kama vya kuku wa mayai. Kizimba changu ni cha kukodi, bei mbali. Siku ya kuhamia nililipia lifti. Hela hiyo sirudishiwi.

Na kuna bafu la mbwa. Nasema tena, kwa sababu shangazi pia alinitaka nirudie. Jengo letu lina bafu la mbwa, lenye maji moto, bomba la mkononi na kijukwaa cha kumpandishia mbwa mzee asiyeweza kuruka. Mimi sina mbwa. Maji yake yana nguvu kuliko ya kwangu kule juu, ambayo saa moja asubuhi hutoka kama machozi ya mamba. Usiku mmoja wa kukosa usingizi nilipiga hesabu, na kwa mchango wangu peke yangu nimeshaogesha mbwa wa watu kuliko nilivyowahi kuogesha wanangu.

Siwezi kudai nimetapeliwa, na hapo ndipo panapouma. Mchango unalipa bima ya jengo, maji, taka, mshahara wa mtu wa mlangoni, na fungu la akiba. Sheria ya Illinois inamtaka muuzaji amwonyeshe mnunuzi bajeti, akiba iliyopo na matengenezo makubwa yanayotarajiwa. Nilipewa makaratasi hayo yote, kurasa 212. Nilisoma ukurasa wenye picha ya paa wakati wa machweo.

Kwenye ukurasa wa 140 na kitu, palipoandikwa kwa herufi ndogo kama maelezo ya dawa, palikuwa na habari ya kuta. Chicago inataka majengo ya futi 80 kwenda juu yakaguliwe kuta zake za nje, wapita njia wasije wakaangukiwa. Mkaguzi alikuja, akagonga matofali yetu ya zaidi ya miaka 100, akasikiliza, akatikisa kichwa. Sasa tuna mchango maalumu juu ya mchango wa kawaida, miezi 18, wa kukwangua na kujaza upya udongo wa katikati ya matofali. Yaleyale matofali yaliyonivutia. Binamu yangu aliposikia hakusema kitu, alinitumia tu tena ile hesabu yake ya saruji, safari hii akiwa amepandisha bei.

Mwezi uliopita niliosha gari, nikaacha ndoo na tambara pembeni ya namba 47, ndani kabisa ya mstari wa njano, juu ya zege lenye hati na tarakimu zake 14. Siku ya pili kulikuwa na barua chini ya mlango: kwa mujibu wa kanuni za jengo, nafasi ya maegesho ni kwa ajili ya gari tu, vitu vingine viondolewe ndani ya saa 48, la sivyo faini. Nikaishusha ndoo yangu kwenye kizimba cha kukodi.

Jumapili shangazi akanitaka nimpigie picha. Pale Tanga ameshawatangazia kina mama wa kikundi chake kwamba mtoto wao amenunua kiwanja Marekani, wakamwambia hawaamini mpaka waone. Gari alikuwa nalo mke wangu, kwa hiyo nikashuka nikapiga picha ya zege tupu: mistari miwili, namba, na doa la oili aliloniachia mwenye nyumba wa zamani. Nikatuma. Alikaa kimya muda mrefu, naona ile picha ilikuwa inapita mkono kwa mkono.

"Shikamoo, shangazi. Mmeona?"

"Marahaba. Tumeona, baba. Kidogo, lakini ni chako. Bikoni ziko wapi?"

"Ile mistari, shangazi."

"Mistari tu?" Nikasikia kina mama wakiguna nyuma yake. "Mwanangu, kiwanja kitupu namna hiyo watakuvamia. Weka hata ndoo."