Mwongozo wa Kuwa Mgonjwa Msumbufu

Sisi wa Nyamianda, hapa Uvira, tunalelewa kwa adabu. Mtu anakatwa kipande cha uvimbe kule lupitali, anasema "Asante, dokta," anapewa kichupa, anakifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kwenda kutafuta motari. Haulizi ni nani atakayekisoma. Adabu hiyo inaweza kuua, na mwongozo huu ni wa kukusaidia kuipoteza.

Anza kusumbua kabla ya kisu. Sema hivi: "Dokta, hii nyama inaenda wapi, na nani ataisoma?" Msomaji ni daktari wa patholojia. Hatakugusa tumbo wala hatakuuliza ulilalaje. Atapokea kipande chako kikiwa kimekatwa chembamba kuliko unywele na kutiwa rangi, atakiinamia kwa darubini, kisha ataandika: saratani, kifua kikuu cha tezi, au uvimbe wa kawaida. Neno lake ndilo linaloamua kama ziwa litaondolewa au litabaki. Nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara zina chini ya daktari mmoja wa aina hiyo kwa kila watu 500,000. Ndiyo maana kichupa chako kinasafiri kuliko wewe mwenyewe.

Kikague hicho kichupa. Ndani iwe formalini ya asilimia 10, wingi wake kama mara kumi ya kipande. Isiwe maji, isiwe spiriti ya kuoshea kidonda. Jina lako liandikwe kwenye kichupa chenyewe, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Liandikwe pia ni upande gani, kushoto au kulia, na saa kipande kilipotiwa. Muuguzi akikasirika, mwombe samahani kisha rudia swali. Kipande kikioza njiani, hata profesa wa Kinshasa hatasoma kitu.

Sasa vyeti. Watu wengi huona haya hapa, na hapa ndipo haya haifai kabisa. Ordre ya Madaktari ya Kongo iliundwa kwa sheria ya tarehe 1 Machi 1968, na daktari lazima awe ameandikishwa humo ndipo atibu. Namba yake ya Ordre si siri. Iombe. Lakini namba hiyo inasema tu kwamba yeye ni daktari. Kusoma nyama kuna diploma yake ya pekee, inayopatikana kwa miaka mingine ya masomo baada ya udaktari. Kwa hiyo uliza mara mbili. Majibu yakija na muhuri wa labo na saini isiyo na jina chini yake, yarudishe. Fundi wa labo anayekata na kutia rangi ana kazi ngumu, na namheshimu kwa moyo wote, lakini kuuita ugonjwa kwa jina lake si kazi yake. Jina, cheo, namba, tarehe, sehemu ya mwili: kimoja kikikosekana, keti kwenye benchi usubiri mpaka kiandikwe.

Halafu pesa, na hapa usumbue kupita kiasi. Kongo ina sheria ya mutuele, yaani vyama vya kuchangiana gharama kama za matibabu, tangu tarehe 8 Februari 2017. Serikali nayo ilizindua kujifungua bure mjini Kinshasa mnamo Septemba 2023, ikiwa hatua ya kuelekea afya kwa wote. Ni jambo jema sana. Ila mama yule yule aliyezalishwa bure akija na donge kwenye ziwa, donge hilo si uzazi. Nenda kwa mutuele yako uulize kama kusomwa kwa nyama kumo katika orodha yao. Wakisema kumo, usisimame bado. Mutuele hulipa pale ilipo na mkataba. Lupitali iliyokukata inaweza kuwa na mkataba, na labo ya mbali inayosoma ikawa haina. Bili itakufuata nyumbani kutoka kwa mtu ambaye hujawahi kumwona uso.

Usidhani ni shida ya maskini peke yao. Huko Marekani wagonjwa walikuwa wanaletewa bili ya patholojia baada ya kutibiwa katika hospitali iliyokubaliwa na bima yao, mpaka sheria ya kuwakinga ilipoanza tarehe 1 Januari 2022. Medicare, bima ya serikali yao kwa wazee iliyoundwa mwaka 1965, ina swali ambalo nataka tulichukue bila kulipunguza: je, daktari huyu anakubali bei ya bima kuwa malipo yote? Liulize hapa Uvira, kwa sauti, na jibu liandikwe.

Uliza pia njia. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu mnamo Februari 2025 na ndege zikaacha kutua kwenye uwanja wake wa Kavumu, "tutatuma Bukavu" si jibu tena. Nani anabeba? Anapita wapi? Na kama kichupa kinavuka mpaka wa Kavimvira kwenda Bujumbura, mutuele itaikubali karatasi ya Burundi? Jibu likiwa hapana, ni afadhali ulijue kipande kikiwa bado mwilini.

Ukipata majibu, usikimbilie kuondoka. Kipande chako kimegandishwa ndani ya nta, na bloki hiyo hudumu miaka mingi. Inaweza kukatwa tena na kusomwa na daktari mwingine bila wewe kurudi kwenye kisu. Omba namba ya bloki na jina la labo inayoitunza. Iandike kwenye kadi ya mutuele, kisha piga picha umtumie ndugu anayekaa mlimani: mafuriko ya Aprili 2020 hapa Uvira yalibeba nyumba nzima, sembuse karatasi.